Tope la Minamata: kutoka kilo 2 hadi gramu 25

Mwaka 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walichota tope mahali mfereji wa maji taka wa kiwanda cha Chisso unapoingilia baharini, katika mji mdogo wa Minamata, kusini mwa Japani. Walipolipima walikuta karibu kilo 2 za zebaki katika kila tani. Hicho si kiwango cha uchafu, ni kiwango cha mgodi. Mtu angeweza kulichimba tope hilo kama anavyochimba mbale, yaani mawe yenye madini, akalichenjua na kupata faida, na kwa kweli kampuni yenyewe baadaye iliunda kampuni tanzu ya kurejesha na kuuza zebaki iliyotolewa kwenye tope lake.

Miaka 18 baadaye, mwaka 1977, serikali ilipoanza kuisafisha ghuba ile, kikomo ilichojiwekea kilikuwa gramu 25 za zebaki kwa kila tani. Tope lote lililozidi hapo lilitakiwa kushughulikiwa, na lilikuwa mita za ujazo milioni 1.51. Hakuna aliyezungumza tena habari ya kulichenjua.

Kisa hiki nakichambua kwa ajili ya umbali uliopo kati ya namba hizo mbili. Minamata inajulikana duniani kwa ugonjwa wake, na ni haki, kwa sababu watu waliumia kwa namna isiyosahaulika. Lakini upande wa tope husimuliwa kwa sentensi moja tu: "ghuba ilisafishwa". Ukiifungua sentensi hiyo unakuta uamuzi, hesabu, kesi mahakamani, na kazi ya ulinzi inayoendelea hadi leo.

Zebaki ilifikaje chini ya bahari

Kiwanda kile kilianza kutengeneza asetaldehidi mwaka 1932. Hiyo ni kemikali inayotumika kutengenezea bidhaa nyingi, zikiwemo plastiki na asidi ya siki. Kazi ya zebaki ilikuwa kuchochea mmenyuko: haikuwa sehemu ya bidhaa, iliharakisha tu. Ndani ya mtambo, kiasi fulani cha zebaki kiligeuka kuwa zebaki-methili, na hiyo ndiyo inayopenya mwilini, ikafika kwenye ubongo, ikavuka hata kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Maji taka yenye zebaki za aina zote mbili yalitoka kwa mfereji wa Hyakken hadi ghubani. Uzalishaji wa namna hiyo ulikoma Mei 1968. Kiasi kilichomwagwa kwa miaka hiyo yote hukadiriwa kuwa tani 70 hadi 150, na wapo wanaosema zaidi.

Tarehe 1 Mei 1956 daktari Hajime Hosokawa wa hospitali ya kiwanda alitoa taarifa rasmi kwa ofisi ya afya ya mji kwamba kuna ugonjwa wa mishipa ya fahamu usiojulikana. Kabla ya hapo paka wa wavuvi walikuwa wameanza kuzunguka kama walevi na kutumbukia majini. Watu wakafuata: ganzi ya vidole na midomo, macho kuona kama kupitia bomba, ulimi mzito, mitetemeko, kisha kifo. Waliotambuliwa rasmi katika mikoa ya Kumamoto na Kagoshima ni zaidi ya 2,200, na makumi ya maelfu wengine walipewa nafuu za namna mbalimbali baadaye bila kuhesabiwa kuwa wagonjwa kamili.

Septemba 1958 kiwanda kilihamisha njia ya maji taka, yakaacha kwenda ghubani na kuanza kumwagwa kwenye mdomo wa mto Minamata. Hapo yalikutana na bahari ya wazi ya Shiranui, na wagonjwa wakaanza kuonekana katika vijiji ambavyo havikuwa na wagonjwa. Mwaka uliofuata yakarudishwa Hyakken. Kwa mtu anayeshughulika na mashapo yenye sumu, yaani tope na mchanga uliotua chini ya maji, hiki ni kipande kichungu sana cha kisa hiki. Sumu iliyokuwa imerundikana pembeni mwa mfereji mmoja, mahali pa kufikika na penye mpaka, ilipewa bahari nzima ya kutembelea.

Desemba 1959 kiwanda kilizindua mtambo wa kusafisha maji taka kwa sherehe, wageni wakaalikwa, na umma ukaamini kwamba tatizo limekwisha. Mtambo huo haukuundwa kuondoa zebaki. Umwagaji ukaendelea miaka minane na zaidi, huku tope likizidi kujengeka mbele ya mfereji hadi kufikia unene wa mita 4 mahali pengine.

Tope halilali

Zebaki ikishatua kwenye tope la bahari hujishika kwa nguvu. Hupendana na salfa, na kwenye tope jeusi lisilo na hewa salfa ipo tele, ndiyo ile harufu ya mayai viza unayoisikia maji yakipwa mikokoni. Zebaki ikiungana na salfa huwa ngumu kuyeyuka. Mtu angeweza kusema basi, iacheni palepale.

Lakini mwaka 1969 watafiti wawili, Jensen na Jernelöv, walionyesha kwamba vijidudu vya kwenye mashapo vinaweza kuigeuza zebaki ya kawaida kuwa zebaki-methili. Baadaye ilifahamika kwamba wahusika wakubwa ni bakteria wanaoishi bila hewa na kutumia salfeti, na mwaka 2013 zikatambuliwa jeni mbili zinazowapa uwezo huo. Kwa hiyo hata mfereji ukifungwa, tope lenyewe hubaki kuwa kiwanda kidogo. Uzalishaji wake ni mdogo ukilinganisha na ule wa mtambo wa asetaldehidi, lakini hauna saa ya kufunga. Juu ya hilo, Minamata ni bandari. Meli zikiingia na kutoka, mapanga ya injini hukoroga tope, mawimbi hukoroga, na samaki wa chini hula wakiwa wamezika midomo humohumo.

Tope lilitakiwa kushughulikiwa. Swali lilikuwa namna gani.

Hebu tulifikirie kwa mikono yetu wenyewe. Njia inayokuja haraka akilini ni moto. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, kwa hiyo udongo ukipashwa hadi hapo na kupita kidogo, zebaki hutoka kama mvuke, mvuke ukapozwa, ikakusanywa. Njia hii ipo, inafanya kazi, na hutumika hadi leo kwa taka zenye zebaki nyingi. Sasa chukua tani moja ya tope la baharini na tuseme nusu yake ni maji. Kabla zebaki haijaanza kutoka utakuwa umechemsha na kukausha lita 500 za maji ya chumvi. Kama tope lako limetoka kwenye mdomo wa mfereji mwaka 1959, jasho hilo litakupa karibu kilo 2 za zebaki. Kama limetoka katikati ya ghuba, utaambulia gramu 25 hivi, ambazo hazijazi hata kijiko cha chai. Zidisha kazi hiyo mara milioni moja na nusu. Na moshi wake wote uuchunge, kwa sababu ukiuachia umeipa sumu mabawa.

Njia ya pili ni kuosha. Hamburg, Ujerumani, tangu 1993 wana mtambo mkubwa uitwao METHA unaochambua tope la bandari kutoka mto Elbe: mchanga upande mmoja, tope laini upande mwingine. Siri yake ni kwamba metali nzito hupenda chembe laini. Mchanga unatoka msafi kiasi cha kutumika, na sumu inabaki kwenye sehemu ndogo zaidi ambayo inazikwa kwa uangalifu. Ni kazi nzuri, lakini inalipa pale ambapo mchanga ni mwingi. Ghuba tulivu yenye tope laini tupu haina cha kuchambua. Tena mtambo huo ulizaliwa miaka mitatu baada ya Minamata kumaliza kazi yake.

Wasomaji wengi hupenda kusikia habari ya mimea inayofyonza sumu. Naielewa tamaa hiyo. Kwa zebaki iliyojifunga na salfa chini ya mita kadhaa za maji ya bahari, haina nafasi, na sitaipotezea muda.

Yalibaki mawili: kulifunika palepale lilipo, au kulifyonza na kulipeleka mahali pamoja likafungiwe. Japani ilichagua yote mawili kwa pamoja, na ndipo namba zinapozungumza. Eneo lote lililozidi kikomo lilikuwa hekta 209. Katika hizo, hekta 58 za sehemu ya ndani ya ghuba, zile zenye tope baya zaidi, hazikuchimbwa. Zilizungushiwa ukuta na kugeuzwa nchi kavu, tope lake likibaki chini palepale lilipotua, mita za ujazo 726,000. Kutoka hekta 151 zilizobaki likafyonzwa tope la mita za ujazo 784,000 na kumwagwa juu ya lile la kwanza. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya tope la Minamata halikuwahi kuondolewa. Liliachwa, na jirani zake wakaletwa kulala juu yake.

Gramu 25 zilitoka wapi

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu namba hii ndiyo iliyoamua kila kitu: ukubwa wa kazi, gharama, na tope lipi litabaki baharini milele.

Katikati ya miaka ya 1970 serikali ya Japani ilitoa kanuni ya muda ya kuamua ni mashapo gani yenye zebaki yaondolewe. Kwa mito na maziwa ilikuwa namba moja tu, gramu 25 kwa tani. Kwa bahari ilikuwa hesabu: chukua 0.18, zidisha kwa wastani wa tofauti ya maji kujaa na kupwa kwa mita, gawanya kwa kasi ambayo zebaki ya tope hilo huvuja majini, kisha gawanya tena kwa kipimo cha usalama. Kipimo hicho cha usalama ni 10 pasipo na uvuvi, na 50 au 100 penye uvuvi, kikubwa zaidi pale ambapo samaki wanaokaa chini ndio wengi katika mavuno.

Mtu wa pwani ataielewa hesabu hii upesi kuliko mtu wa bara. Kujaa na kupwa ndiko kunakobadilisha maji. Unguja, wakati wa bamvua kubwa, maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Ghuba ya aina hiyo huvuta pumzi ndefu mara mbili kwa siku. Ghuba isiyo na mvuto kama huo hukaa na maji yake. Kwa hiyo kanuni inasema: maji yakibadilishwa sana, tope lenye sumu zaidi linaweza kuvumiliwa, zebaki ikivuja kwa urahisi, kikomo kishuke, watu wakila samaki wa hapo, kikomo kishuke zaidi. Kwa Ghuba ya Minamata, kikomo kilichotumika kilikuwa gramu 25.

Naiheshimu hesabu hii kwa jambo moja. Haikukopa namba ya mahali pengine. Ilimtaka mhandisi aende akapime maji ya pale, avujishe tope la pale maabara, aulize watu wa pale wanavua nini. Huo ni utafiti wenye adabu. Lakini ina kasoro ambayo siwezi kuipita: inafikiria kwa mantiki ya kuchanganya na maji, kana kwamba tatizo la zebaki ni maji kuwa nayo nyingi. Maji ya Minamata hayakuwahi kumtia mtu sumu kwa kuyanywa. Samaki ndiye aliyefanya kazi hiyo, kwa kukusanya kidogo kidogo kutoka kwa kiumbe mdogo hadi mkubwa, hadi mwili wake ukawa na zebaki maelfu ya mara kuliko maji anayoogelea. Kipimo cha usalama kiliwekwa ili kuziba pengo hilo, na ni kiraka cha makadirio.

Matokeo yake ni kwamba tope lenye gramu 24 lilibaki. Lenye gramu 15 lilibaki. Na nje ya ghuba, katika bahari ya Shiranui, ilibaki zebaki iliyotawanyika kwa kiwango cha chini lakini juu ya ile ya asili. Sisemi ingewezekana kuiondoa yote. Nasema namba 25 si mpaka kati ya salama na hatari, ni mpaka kati ya tuliloamua kufanya na tuliloamua kuacha.

Kesi ya Desemba 1977

Kazi ilianza Oktoba 1977. Miezi mitatu haijatimia, wakazi wa pale walikwenda mahakamani kutaka isimamishwe. Ukilisikia kwa mbali unaweza kushangaa: watu walioumizwa na tope wanazuia tope kuondolewa? Lakini hoja yao ilikuwa na uzito. Walisema mkilikoroga, zebaki iliyotulia itaamka, samaki wataibeba, na safari hii mtakuwa mmetuua kwa jina la kutusafishia. Walikuwa wameshuhudia mtambo wa 1959 ukizinduliwa kwa sherehe. Neno "wataalamu wamehakikisha" lilikuwa limekwisha thamani kwao.

Kazi ilisimama. Mwaka 1980 Mahakama ya Wilaya ya Kumamoto ilitupilia mbali ombi lao, na ufyonzaji ukaanza tena mwaka huohuo.

Kisheria walishindwa. Kiufundi, mimi naona walikuwa wameuliza swali lililo sahihi kuliko yote, na jinsi kazi ilivyofanyika baadaye inaonyesha kwamba swali hilo lilisikika. Meli za kawaida za kuongeza kina cha bandari zina kichwa chenye meno yanayozunguka, yanayokata tope ili pampu ilivute. Minamata zilitumika meli zisizo na meno hayo: mdomo wa pampu unateremshwa taratibu na kunyonya, bila kukata. Polepole, ghali, lakini tope halirushwi. Uchafu wa maji ulipimwa wakati wote wa kazi katika vituo vilivyopangwa kuzunguka eneo, samaki walipimwa, na maji yaliyofika pamoja na tope kwenye hifadhi yalitulizwa na kusafishwa kabla ya kurudishwa baharini.

Ukuta wa kuzuia ulijengwa kwa mabamba ya chuma yaliyounganishwa kuwa mitungi mikubwa na kujazwa mchanga, mtungi kando ya mtungi. Nyuma yake tope likamwagwa. Tope bichi halibebi hata mtu, sembuse trekta, kwa hiyo lilitandikwa kwanza shuka la nyuzi za viwandani, juu yake majivu mepesi ya volkano ambayo huko kusini mwa Japani yamejaa kila mahali, kisha udongo wa mlimani. Kutumia majivu yale kulikuwa werevu wa kienyeji hasa: udongo mzito ungezama na kulisukuma tope juu.

Kazi ilikamilika Machi 1990. Gharama yake ilikuwa yeni bilioni 48.5, na sehemu kubwa, karibu theluthi mbili, ikabebeshwa kampuni iliyochafua. Isipokuwa kampuni hiyo ilikuwa imeelemewa na fidia za wagonjwa kiasi kwamba mkoa wa Kumamoto, tangu 1978, ulikuwa unakopa kwa kuuza hati fungani ili uikopeshe isifilisike. Kanuni ya mchafuzi hulipa ilitimizwa, kwa fedha ambazo kwanza zilipita mfukoni mwa umma.

Wavu na mapipa

Tangu Januari 1974 mdomo wa ghuba ulikuwa umewekewa wavu ili samaki wa ndani wasitoke. Haukuziba kila mahali, maana meli zilihitaji kupita. Samaki wa ndani walivuliwa na wavuvi walewale, kwa malipo, ili waangamizwe. Fikiria kazi hiyo kwa mvuvi: kutoka alfajiri, kutega, kuvuta, na kujua kwamba ulichovua hakiendi sokoni wala nyumbani. Sehemu ya samaki hao ilitiwa kwenye mapipa na kuzikwa katika hifadhi ya tope. Bado wapo chini pale.

Baada ya ufyonzaji, vipimo vya tope lililobaki chini ya ghuba vilionyesha kiwango cha juu kabisa cha gramu 12 kwa tani, na wastani chini ya 5. Tope lilikuwa chini ya kikomo kwa mbali. Hata hivyo samaki hawakufuata kalenda ya wahandisi. Kikomo cha Japani kwa samaki ni miligramu 0.4 za zebaki yote kwa kilo, na 0.3 za zebaki-methili. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1990 kwa samaki wa aina zote zilizofuatiliwa kukaa chini ya hapo mwaka baada ya mwaka. Julai 1997 gavana wa Kumamoto alitangaza ghuba kuwa salama, na wavu ukaondolewa mwaka huo. Ulikuwa umekaa majini miaka 23.

Juu ya tope sasa kuna bustani, viwanja vya michezo, na sanamu ndogo za mawe zilizochongwa na wagonjwa na familia zao, zikitazama bahari. Kila tarehe 1 Mei watu hukusanyika hapo kuwakumbuka waliokufa.

Na ukuta wa chuma upo kwenye maji ya chumvi. Umri unaotajwa kwa miundo ya namna ile ni kama miaka 50. Mkoa unaukagua, unapima kutu, unapima maji ya chini ya ardhi, na wataalamu wameeleza kwamba kwa matunzo unaweza kusimama muda zaidi. Aprili 2016 mkoa huohuo wa Kumamoto ulipigwa na matetemeko makubwa mawili ndani ya siku mbili. Hifadhi ilisimama, lakini swali likarudi mezani: udongo uliomwagwa kama uji, juu yake majivu mepesi, ukitikiswa vya kutosha unaweza kurudi kuwa uji. Ndiyo maana utafiti haukufungwa. Taasisi ya Taifa ya Ugonjwa wa Minamata, iliyoanzishwa 1978, imeendelea kufuatilia zebaki katika maji, mashapo na samaki wa ghuba, na kufanyia kazi njia za kuitoa zebaki kwenye udongo kwa joto la wastani, ili siku ukuta ukichoka pawe na jibu lingine zaidi ya kujenga ukuta mwingine.

Mwaloni

Profesa Masazumi Harada, daktari wa Kumamoto aliyetumia maisha yake kwa wagonjwa wa Minamata, alifika Tanzania. Kati ya 1996 na 1998 yeye na wenzake walipima nywele za watu 272: wachimbaji wa dhahabu, wavuvi wa Ziwa Victoria na familia zao, na wakazi wa jiji la Mwanza. Hawakukuta Minamata. Samaki wa ziwa hawakuonekana kuwa chanzo kikubwa, na baadhi ya vipimo vya juu vilitokana na sabuni za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Habari njema, na nawashukuru kwa kuitafuta badala ya kuidhania.

Lakini tope tunalo. Kanda ya Ziwa tuna neno moja kwa mahali pawili: mwalo ni pale wavuvi wanaposhushia samaki, na mwalo ni pale wachimbaji wanaposafishia mchanga wa dhahabu. Kwenye mwalo wa pili, mbale iliyosagwa kwa karasha huoshwa, zebaki ikatiwa kukamatisha dhahabu, mkamato ukachomwa, na mchanga uliobaki, marudio, ukarundikwa kando ya kisima cha kuoshea. Baadaye mtu mwenye mtaji huyanunua marudio hayo, akayapakia kwenye lori na kuyapeleka kwenye matangi ya sayanaidi ili kutoa dhahabu iliyobaki.

Hapo ndipo Minamata inaponijia. Sayanaidi haichagui dhahabu peke yake. Huyeyusha zebaki pia. Zebaki iliyokuwa chembe nzito iliyotulia kwenye mchanga hugeuka kuwa kitu kinachosafiri na maji. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa Kumamoto mwaka 2013 na ambao Tanzania na Kenya ni wanachama, umekitaja kitendo hicho kwa jina miongoni mwa vya kukomeshwa: kuchenjua kwa sayanaidi mashapo, mbale au marudio yaliyotiwa zebaki kabla ya kuitoa zebaki hiyo.

Kuitoa kabla kunawezekana. Zebaki ni nzito mara 13 na nusu kuliko maji, na mchanga wa chini ya kisima cha kukamatishia hubeba nyingi kuliko marudio ya kawaida. Kisima hicho ni kidogo, mara nyingi hakizidi ukubwa wa chumba, na kila mtu mwaloni anajua kilipo. Tope lake likichotwa peke yake, likapitishwa tena kwenye karai au zulia la kuoshea, zebaki ikakusanywa na kurudishwa kwenye chupa, kinachopakiwa kwenye lori kinakuwa kitu kingine. Ni kazi ya watu wachache kwa siku chache, kwa koleo na ndoo, tope likiwa bado liko mahali pamoja.